Ruhr kwa Baiskeli, Mbali na Magari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa Waswahili wanaoishi Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji wanaotafuta pa kwenda na baiskeli mwisho wa wiki, na kwa wageni wanaofika kutoka nyumbani wakiwa na siku chache za ziada. Unahusu bonde la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, na zile reli za migodini ambazo sasa ni njia za baiskeli.

Ruhr ni wapi, na kwa nini niende huko badala ya kwenda kwenye milima na maziwa ya Bavaria?

Ruhr ni miji iliyoshikana: Duisburg, Oberhausen, Bottrop, Essen, Gelsenkirchen, Bochum, Dortmund na mingine mingi midogo. Wakazi wake ni kama milioni 5. Mara nyingi unatoka mji mmoja na kuingia mwingine bila kujua, mpaka ukione kibao. Kwa zaidi ya miaka 150 hapa ndipo Ujerumani ilipochimba makaa ya mawe na kuyeyusha chuma. Mgodi wa mwisho wa makaa hayo, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, na wachimbaji wakamkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier bonge la mwisho mkononi.

Bavaria ina uzuri wake na sitabishana na anayeipenda. Ila Ruhr ina jambo ambalo sijaliona kwingine. Kila mgodi ulikuwa na reli yake. Makaa yakitoka shimoni yalipelekwa kwenye matanuru ya koki (makaa yaliyookwa bila hewa), koki ikapelekwa kwenye matanuru ya chuma, na huko ikakutana na mawe ya chuma yaliyokuja kwa meli. Reli hizo za viwanda zilijengwa juu ya matuta na madaraja ili mabehewa yasisimame kwenye makutano ya barabara. Migodi ilipokufa reli ziling'olewa, matuta yakabaki. Ndiyo maana leo unaweza kukatiza mji wa watu laki tano na zaidi bila kusimama kwenye taa hata moja. Kwangu mimi tuta lenyewe ni makumbusho kuliko majengo. Ukilifuata kwa mpangilio unapita kule kule kazi ilikopita, kutoka shimoni hadi kwenye moto hadi bandarini.

Je, kweli hakuna magari kabisa?

Juu ya tuta la reli, hakuna. Kwenye maingilio mengi pamesimikwa vigingi na gari halipiti. Lakini safari ya siku nzima isiyogusa barabara hata kidogo ni nadra. Tuta moja likiisha kabla ya jingine kuanza, utapita mita mia kadhaa za mtaa wa makazi, au daraja lenye njia ya baiskeli pembeni mwa magari. Ukichagua vizuri, sehemu kubwa ya safari utakuwa na waenda kwa miguu, mbwa wao na watoto.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi huja wakidhani RS1 imekamilika. Hiyo ni barabara kuu ya baiskeli iliyopangwa kufika kilomita 101, kutoka Duisburg hadi Hamm. Kipande kirefu cha mwanzo, kati ya Essen na Mülheim, kilifunguliwa 2015 juu ya reli ya zamani iliyoitwa Rheinische Bahn, na ni kizuri mno: lami laini, upana wa kutosha kupishana bila kugusana, waenda kwa miguu wana upande wao. Vipande vingine vinajengwa kidogokidogo, na kati yake kuna mapengo. Usipange safari kwa ramani ya matarajio. Angalia kilichokwisha kujengwa.

Njia zipi nizijue kwa majina kabla sijafika?

Anza na Erzbahntrasse. Hii ilikuwa reli ya kubebea mawe ya chuma kutoka bandari ndogo ya Grimberg, kwenye mfereji wa Rhine-Herne huko Gelsenkirchen, hadi kwenye matanuru ya kampuni ya Bochumer Verein mjini Bochum. Ina kilomita kama 10 hivi, na karibu yote iko juu ya tuta refu, kiasi kwamba unaendesha usawa wa matawi ya miti na madirisha ya ghorofa za juu. Mitaa, reli zinazofanya kazi bado, hata barabara kuu ya magari, vyote viko chini yako. Upande wa Gelsenkirchen unaingia kwa daraja la Grimberger Sichel, linalokata kona hewani juu ya mfereji huku likishikwa na nguzo moja tu. Upande wa Bochum unatoka kwa daraja jingine, Erzbahnschwinge, lililoning'inizwa kwa nyaya za chuma na kupinda huku na huku kabla ya kukushusha kwenye bustani ya Westpark. Simama katikati ya lile la Bochum mwenzako akiwa anapita. Utasikia sakafu ikicheza kidogo chini ya miguu.

Ya pili ni njia ya kando ya mfereji wa Rhine-Herne wenyewe. Mfereji ulifunguliwa 1914 na bado unapitisha majahazi makubwa ya mizigo. Sehemu nyingine utaona jambo la ajabu: maji ya mfereji yako juu kuliko ardhi ya pembeni. Uchimbaji uliishusha ardhi, ikabidi kingo za mfereji zipandishwe ili maji yabaki pale pale. Huko Oberhausen utapita karibu na daraja la rangi nyingi la msanii Tobias Rehberger, lililozungushiwa springi kubwa kutoka ng'ambo hii hadi ile. Watoto hulipenda sana.

Nordsternweg inaunganisha mgodi wa Zollverein na ule wa Nordstern. Grüner Pfad inapita ndani ya Landschaftspark ya Duisburg, kiwanda cha chuma kilichogeuzwa bustani. Emscher-Weg inafuata mto Emscher kwa kilomita kama 100. Na asiyetaka viwanda vingi achukue RuhrtalRadweg, kilomita kama 240 kutoka Winterberg milimani hadi Duisburg, yenye mashamba na ngome za kale zaidi ya matanuru.

Nisimame wapi?

Watu wengi hukosea hapa. Wanataka kuona kila kitu, wanapiga picha langoni, wanaondoka. Chagua sehemu mbili kwa siku na uzikae.

Zollverein, mjini Essen, ndiyo inayojulikana zaidi. Mgodi ulianza katikati ya karne ya 19 na ukafungwa 1986. Shimo la XII, lenye ule mnara mwekundu unaouona kwenye mabango yote ya Ruhr, lilianza kazi 1932 kwa michoro ya Fritz Schupp na Martin Kremmer, na lilitoa tani 12,000 za makaa kwa siku. UNESCO iliuingiza mgodi huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Jengo la kuoshea makaa sasa ni Ruhr Museum. Unapanda kwa ngazi ndefu ya umeme iliyowashwa taa za rangi ya chungwa, kisha unashuka ndani ghorofa kwa ghorofa katikati ya mashine zilizoachwa mahali pake.

Lakini usiishie hapo kama wanavyofanya wengi. Endesha dakika chache hadi kwenye kiwanda cha koki cha Zollverein kilichofanya kazi 1961 hadi 1993. Kuna matanuru 304 yaliyopangwa bega kwa bega kwenye ukuta mmoja mrefu, kila moja jembamba na refu, milango yake ikiwa na namba. Makaa yaliokwa humo bila hewa hadi yakawa koki, yakasukumwa nje yakiwa bado yanawaka. Sogea karibu na mlango mmoja uangalie kingo zake: chuma kimepinda kwa joto la miaka, na katika nyufa mimea imeshaota. Majira ya baridi, maji yaliyo mbele ya ukuta huo hugeuzwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Kiangazi watu huogelea kwenye bwawa dogo lililotengenezwa kwa makontena mawili ya meli. Wasanii wawili, Dirk Paschke na Daniel Milohnic, walilijenga 2001, na wenyeji wakalifanya lao.

Landschaftspark Duisburg-Nord ndiyo ningekuchagulia mimi kama ningelazimishwa kuchagua moja. Hiki kilikuwa kiwanda cha chuma cha Thyssen huko Meiderich, kilichoanza 1901 na kufungwa 1985. Badala ya kukibomoa walimpa mbunifu wa bustani Peter Latz, naye akaacha karibu kila kitu kisimame. Hakuna kiingilio na hakuna saa ya kufunga. Unaacha baiskeli chini na kupanda ngazi za chuma za tanuru namba 5 hadi juu, ukipita mdomo lilipotokea chuma kilichoyeyuka, na kutoka juu unaona Rhine na mabomba ya viwanda vinavyofanya kazi hadi leo. Tangi kuu la gesi, lenye upana wa mita 45, limejazwa maji na wapiga mbizi wanafanya mazoezi ndani kwa kina cha mita 13. Kwenye maghala ya kuwekea mawe ya chuma, wapanda miamba wana kuta zao. Uwanja wa Piazza Metallica umetandikwa sahani 49 za chuma zilizotolewa kiwandani humo humo. Zikanyage uone chuma kilivyoliwa na moto. Usiku wa mwisho wa wiki majengo huwashwa taa za rangi, kazi ya Jonathan Park, na kama unalala Duisburg usikose.

Gasometer ya Oberhausen ni tangi la gesi lenye urefu wa mita 117, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na sasa ni ukumbi wa maonyesho. Panda lifti ya ndani ukiweza. Jahrhunderthalle ya Bochum ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya Düsseldorf ya 1902, kisha ikahamishiwa Bochum kuwa jumba la mitambo. Leo ni ukumbi wa muziki na tamthilia. Na kwa anayependa mashine za maji, lifti ya meli ya Henrichenburg huko Waltrop, iliyofunguliwa 1899, ilikuwa ikiinua jahazi zima mita 14.

Nani alipata wazo la kuyaacha haya yote yasimame?

Mwanzoni wengi walitaka yavunjwe, hasa waliofanya kazi humo. Kwao ilikuwa vumbi, kifua kibovu na ajira iliyopotea. Mgodi wa Zollern, Dortmund, ulikuwa karibu kubomolewa mwaka 1969. Jumba lake la mitambo, lenye mlango wa vioo vya rangi uliobuniwa na Bruno Möhring, liliokolewa baada ya watu wachache kupaza sauti, wakiwemo wapiga picha Bernd na Hilla Becher. Ukifika Zollern tafuta chumba cha kubadilishia nguo. Mchimbaji alitundika nguo zake kwenye kulabu yenye mnyororo, akaivuta hadi darini zikakauke kwenye hewa ya moto, akafunga mnyororo kwa kufuli yake. Ukiinua macho unaona safu za nguo juu yako, na ndipo unapopata picha ya wingi wa watu walioshuka chini kila zamu.

Kazi kubwa ilifanyika kati ya 1989 na 1999, chini ya mradi wa maonyesho ya ujenzi ulioitwa IBA Emscher Park, ukiongozwa na Karl Ganser. Mradi ulijengwa juu ya msimamo mmoja: kiwanda kilichokufa kisifichwe, kipewe kazi nyingine. Mwaka 1999 ndipo Route Industriekultur, njia ya urithi wa viwanda, ilipozinduliwa kuunganisha maeneo hayo, na 2010 Ruhr ikawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya.

Nimeambiwa mto Emscher unanuka. Nitaweza kuendesha kando yake?

Ulikuwa unanuka, na sababu yake inafaa kujulikana. Kwa kuwa migodi iliifanya ardhi ishuke mara kwa mara, mabomba ya majitaka yaliyozikwa yangepasuka. Basi mto wenyewe na vijito vyake vikageuzwa mitaro ya wazi ya zege, na kinyesi cha mamilioni ya watu kikapita humo juani kwa takriban miaka 100. Wazee wa Bottrop na Gelsenkirchen wanakumbuka watoto walivyokatazwa kusogea, maana kingo zilikuwa wima na zenye utelezi, na aliyeanguka hakuwa na pa kushika.

Uchimbaji ulipoisha chini ya bonde hilo ndipo mabomba yalipowezekana. Emschergenossenschaft, ushirika wa maji ulioundwa 1899, ulianza kazi mwaka 1992 na kujenga bomba kuu la kilomita 51 kutoka Dortmund hadi Dinslaken. Tangu mwisho wa 2021 mto haupokei tena majitaka. Iligharimu zaidi ya yuro bilioni 5. Sehemu nyingine utaona bado zege na uzio, sehemu nyingine mto umerudishiwa kona zake na kuna kerengende na samaki. Endesha kwa amani.

Vile vilima visivyo na miamba ni nini? Vinapandika?

Vingi ni kifusi cha mgodi. Kila tani ya makaa ilitoka na mawe yasiyofaa, nayo yakamwagwa hapo hapo. Wasomaji wetu wa Lubumbashi hawahitaji maelezo, mlima mweusi wa taka za shaba wameukuta mjini kwao. Vya Ruhr vimepandwa miti na kuwekwa kazi za sanaa juu. Tetraeder ya Bottrop, iliyosimamishwa 1995, ni piramidi ya mabomba ya chuma ambayo ngazi zake zinaning'inia hewani. Ukiogopa urefu, baki chini. Hoheward, kati ya Herten na Recklinghausen, kina matao mawili makubwa ya kupimia mwendo wa jua na njia nzuri ya kupandia kwa mzunguko. Kimepita mita 100 hivi kutoka usawa wa chini, kwa hiyo punguza gia mapema. Huko Duisburg, kilima cha Alsumer Berg kinakupa kitu tofauti: unaangalia kiwanda cha chuma kilicho hai, na moshi mweupe ukipanda kutoka kwenye koki inayozimwa kwa maji.

Na chini ya haya yote pampu zinafanya kazi usiku na mchana. Ardhi imeshuka mita nyingi sehemu kadhaa, na pampu zikisimama maeneo makubwa ya makazi yatajaa maji. Hakuna tarehe ya kuzizima.

Nani walifanya kazi hizi?

Walikuja kutoka kila upande. Kuanzia miaka ya 1870 waliingia Wapoland kwa maelfu, na hadi leo majina yao yako kwenye vitufe vya kengele za milango. Baada ya vita ya pili walikuja Waitalia, Wagiriki, Wahispania, kisha Waturuki kwa mkataba wa 1961, na Wamoroko na Wakorea Kusini kuanzia 1963. Waafrika wa Kaskazini walishuka migodi hii, jambo ambalo vibao vingi vya watalii havilitaji na nadhani vingepaswa kulitaja.

Wengine hawakuja kwa hiari. Wakati wa vita ya pili ya dunia viwanda na migodi ya Ruhr ilitumia wafanyakazi wa kulazimishwa na mateka wa vita kwa wingi, na mwaka 1948 Alfried Krupp, mwenye viwanda vya Essen, alihukumiwa Nuremberg kwa ajili hiyo. Ruhr Museum inayo habari hii. Isome. Ajali nazo zilikuwa sehemu ya maisha: mwezi Februari 1946, mlipuko katika mgodi wa Grimberg huko Bergkamen uliua watu 405.

Ukiwa Oberhausen pita Eisenheim, mtaa wa nyumba za wafanyakazi ulioanza 1846, wa zamani kuliko yote ya aina yake Ruhr. Wakazi wenyewe waliutetea miaka ya 1970 ulipotaka kubomolewa. Bado watu wanaishi humo, hivyo endesha taratibu na usichungulie madirisha.

Sina mazoezi. Nitaweza? Na watoto je?

Utaweza. Treni la mizigo halipandi mlima mkali, kwa hiyo tuta la reli halina mlima mkali. Mtu wa kawaida anayeendesha kwa utulivu anamaliza kilomita 30 kwa siku na bado ana muda wa kuzunguka makumbusho. Watoto wenye kujua kushika breki hawana shida kwenye Erzbahntrasse, ila waambie wakae kulia, kwani siku za jua Jumapili kuna msongamano na baiskeli za umeme zinakuja kwa kasi.

Baiskeli ya aina gani, na nikodi wapi?

Baiskeli yoyote yenye tairi za kiasi. RS1 ni lami, lakini njia nyingi ni changarawe laini iliyoshindiliwa. Tairi nyembamba za mashindano zinapita, ila mikono itakulaumu jioni. Baada ya mvua changarawe hiyo huruka, basi madigadi ni ya lazima. Tyubu ya akiba, vibandiko vya pancha na pampu uwe navyo: juu ya tuta huwezi kumwita fundi, na kushuka mtaani kunaweza kuwa mbali.

Kuna mfumo wa kukodi wa umma uitwao metropolradruhr, mzuri kwa mizunguko mifupi. Kwa safari ya siku nzima chukua baiskeli bora kutoka duka la kukodisha, maana kiti na gia vitakuwa vya mwili wako.

Sitapotea?

Ni vigumu. Vibao ni vyeupe kwa maandishi mekundu, na kwenye makutano makuu kuna namba. Unaandika mfululizo wa namba zako kwenye karatasi asubuhi, kisha unafuata moja hadi nyingine. Simu ibaki mfukoni, na kuishika mkononi huku unaendesha kuna faini ya yuro 55.

Sheria nyingine za kuzijua?

Kaa kulia. Kwenye njia panda ndogo zisizo na kibao, anayetokea kulia kwako ndiye anayepita kwanza, gari au baiskeli. Kibao cha duara la bluu chenye baiskeli maana yake lazima utumie njia hiyo. Baiskeli iwe na kengele na taa. Helmeti si lazima kisheria, lakini vaa. Pombe: ukifika promili 1.6 kwenye damu ni kosa la jinai hata kwa baiskeli. Polisi ni 110, ambulensi na zimamoto 112.

Naweza kupanda treni na baiskeli?

Ndiyo, kwenye treni za mkoa na S-Bahn (treni za mijini), nafasi ikiwepo, kwa tiketi ya ziada ya baiskeli. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, inakubeba wewe, haibebi baiskeli. Epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini, utazuiwa mlangoni au utamkera kila mtu. Treni ndiyo siri ya safari nzuri hapa: hakuna haja ya kurudi ulikotoka. Ukichoka, stesheni haiko mbali.

Niende miezi ipi?

Mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Oktoba. Mwezi Juni jua linazama karibu saa nne usiku, una mchana mrefu kupita kiasi. Desemba giza linaingia saa kumi na nusu jioni na changarawe hulowa. Koti la mvua beba hata Julai. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na maduka karibu yote hufungwa Jumapili.

Chakula halali na pa kuswali?

Ruhr ni rahisi kuliko sehemu nyingi za Ujerumani, kwa sababu ya historia ile ile ya wafanyakazi. Migahawa ya Kituruki iko kila mtaa. Marxloh, kaskazini mwa Duisburg na si mbali na Landschaftspark, kuna msikiti mkubwa wa Merkez uliofunguliwa 2008, na kando yake maduka ya nguo za harusi yaliyopangana mtaa mzima.

Asiye na mipaka ya chakula ale soseji ya kari na chipsi kwenye kibanda. Vibanda hivi vilianza kwa kuwauzia wafanyakazi maji ya kunywa, na bado ndivyo vinavyouza soda, kahawa, magazeti na peremende za kuhesabu moja moja. Vingine viko pembeni kabisa ya njia za baiskeli, na hapo ndipo utakapokutana na mchimbaji mstaafu. Msalimie kwa «Glückauf», salamu ya wachimbaji, na muulize alishuka mgodi gani. Wengi wana mengi ya kusema na wanafurahi kuulizwa. Vyoo kwenye matuta ni vichache, basi tumia cha kibandani au cha makumbusho ukikipata.

Nimeshaimaliza Ruhr. Kuna nini jirani?

Wuppertal. Nordbahntrasse ni kilomita 20 na ushee za reli iliyokufa inayopita ubavuni mwa milima ya mji, kwa mahandaki na madaraja ya mawe, na upande wa chini wa daraja moja umepakwa rangi ukafanana na matofali ya Lego. Ilifunguliwa 2014, na waliosukuma kazi hiyo ni chama cha wananchi, si serikali. Walichanga, wakabishana, wakafyeka vichaka wenyewe. Kutoka huko handaki la Schee linakuunganisha na Sprockhövel na kushuka hadi Hattingen, kwenye kiwanda cha chuma cha Henrichshütte. Ni safari ya siku moja yenye mteremko mtamu mwishoni.

Nina siku moja tu. Nifanye nini?

Fika Zollverein asubuhi, kuna stesheni ya Essen-Zollverein Nord karibu. Toa saa mbili kwa jengo la kuoshea makaa na kiwanda cha koki. Shika Nordsternweg kwenda kaskazini hadi mgodi wa Nordstern, ule wenye sanamu ya Herkules ya Markus Lüpertz juu ya mnara. Kula hapo. Vuka mfereji, geuka mashariki na ufuate maji hadi Grimberger Sichel. Panda Erzbahntrasse na usiharakishe, vibanda viko njiani. Utashukia Westpark, Bochum, mbele ya Jahrhunderthalle. Jumla ni kama kilomita 25, karibu zote bila gari. Stesheni kuu ya Bochum iko dakika chache kutoka hapo, na treni za kwenda Essen, Düsseldorf na Cologne zipo hadi usiku.